Usinunue bunduki itakayokufundisha kuogopa

Bunduki yangu ya kwanza ya shabaha niliinunua kwa macho. Ilikuwa .300 Winchester Magnum, mtutu mrefu, kitako cheusi cha kisasa, na niliipiga picha kabla sijaipiga risasi hata moja. Hoja yangu ilikuwa fupi: nataka kufika mita 1,000, basi nichukue yenye nguvu. Miezi minne baadaye nilikuwa napiga vibaya kuliko siku ya kwanza, na lawama nilikuwa nimeshazigawa zote, kwa darubini, kwa risasi, kwa upepo.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja aliyekuwa akilala mkeka wa pili kutoka wangu. "Mwanangu, hebu leo nikupakilie mimi," akaniambia. Nikadhani ananionea huruma tu. Akawa anaingiza risasi mwenyewe, anafunga bolti (chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma), mimi nalenga na kufyatua. Ya kwanza ikaenda, ya pili ikaenda. Ya tatu ikalia "ta!" basi, na mdomo wa mtutu ukadidimia chini kushoto kama vile kuna mtu kauvuta kwa kamba. Alikuwa amenitilia risasi ya bandia isiyo na baruti. Bunduki haikulipuka, lakini bega langu lilishajikunja kulisubiri teke na jicho nilishalifumba. Mzee hakusema kitu. Akapakia nyingine.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue bunduki gani ya masafa marefu, siku hizi swali langu la kwanza si umbali. Namuuliza: utaweza kuipiga risasi 60 asubuhi moja, na ya 60 ukaifyatua kwa utulivu uleule wa ya kwanza? Na utamudu kuzinunua hizo 60 tena baada ya wiki mbili? Kama jibu ni hapana, hiyo bunduki si yako kwa sasa, hata kama umepewa bure. (Nachukulia kwamba kibali unacho au unakifuatilia kwa mujibu wa sheria za kwenu, na kwamba una uwanja halali wenye kingo ya kuzuia risasi. Bila hivyo hakuna mazungumzo.)

Kwa wanaoanza, mimi nasimama kwenye kaliba (aina za risasi kwa ukubwa) mbili: 6.5 Creedmoor na .308 Winchester. .308 ni ya mwaka 1952, imezoeleka kila mahali, na mtutu wake unadumu sana, takriban risasi 5,000 au zaidi kabla haujachoka. Teke lake linavumilika. Ubaya wake ni kwamba kwenye mita 800 kwenda mbele upepo unaichezea, na unapokaribia mita 1,000 inaanza kushuka chini ya mwendo wa sauti, mahali ambapo risasi nyingi huanza kuyumba. 6.5 Creedmoor ina kichwa chembamba na kirefu kinachopasua hewa vizuri, hivyo upepo huisukuma kidogo na teke lake ni jepesi zaidi. Gharama yake iko kwenye mtutu: hesabu risasi 2,000 hadi 3,000 hivi. Zile magnamu kubwa, kama yangu ya picha, hula mtutu upesi kuliko zote, wakati mwingine hata 1,500 hazifiki kabla usahihi haujaanza kupotea.

Hapo ndipo wengi hushtuka, maana walidhani mtutu ni wa maisha. Kwenye mchezo huu mtutu ni kama tairi la gari: unatumika, unakwisha, unabadilishwa. Sehemu ya mbele ya chemba (chumba inapokaa risasi), pale moto wa baruti unapotokea, huliwa kidogo kidogo kila unapofyatua. Ukipiga mfululizo mpaka mtutu ukawa haushikiki kwa mkono, unauharakisha kuzikwa. Kwa hiyo unaponunua bunduki, uliza pia kubadilisha mtutu wake ni kazi ya namna gani na nani anaweza kuifanya.

Kitu kingine cha mtutu ambacho muuzaji anaweza asikwambie ni mzunguko wa mifereji yake ya ndani, ile inayoizungusha risasi. Huandikwa kwa inchi: 1:8 maana yake risasi inazunguka mara moja kamili kila inchi 8. Risasi ndefu na nzito inataka mzunguko wa kasi. Bunduki za zamani za .223 zenye 1:12 zilitengenezewa risasi nyepesi. Ukizilisha vichwa vizito vya greni (kipimo cha uzito wa risasi) 75 au 80 hazitulii hewani, na kwenye karatasi unakuta matundu marefu kama ya ufunguo kwa sababu risasi imegonga kwa ubavu. Kwa .223 ya masafa tafuta 1:8 au 1:7, kwa 6.5 chukua 1:8, na kwa .308 1:10 inatosha kila kitu. Mtutu uwe mnene na usiguse mti wa kitako popote mbele ya mtambo (sehemu yenye bolti). Jaribu kupitisha karatasi kati ya mtutu na kitako kuanzia mbele. Ikikwama njiani, kuna mahali panagusa, na kikundi chako, yaani mkusanyiko wa matundu kwenye karatasi, kitahama kila mtutu ukipata joto.

Sasa nije kwenye uongo tunaojidanganya nao wote. Kila muuzaji ana picha ya matundu matatu yaliyogusana. Nami nilikuwa nayo ya kwangu, nimeikata na kuibandika ukutani: risasi tatu, mita 100, sentimita moja na kitu. Siku moja nikaamua kupiga kumi kwenye karatasi moja bila kuchagua. Kikundi kikafika sentimita nne. Bunduki ile ile, risasi zile zile, mikono ile ile. Tatu ni bahati nasibu. Kumi ndizo zinazoanza kusema ukweli, na kadiri unavyoongeza ndivyo kikundi kinavyopanuka mpaka kikafika ukubwa wake halisi. Kwa hiyo mtu akikuahidi bunduki ya "nusu dakika", muulize nusu dakika ya risasi ngapi.

Dakika hiyo ni ya pembe, si ya saa. Dakika moja ya pembe kwenye mita 100 ni karibu sentimita 2.9, kwenye mita 1,000 ni karibu sentimita 29. Katika F-Class, mashindano ya shabaha za masafa marefu, kwa yadi 1,000, duara la alama za juu lina kipenyo cha inchi 10, yaani dakika moja hivi, na ndani yake kuna kidogo cha inchi 5 cha kuamulia waliofungana. Bunduki ya kiwandani inayoshika dakika moja kwa risasi kumi, kila siku, bila hadithi, inatosha kukufunza miaka miwili au mitatu. Katika muda huo makosa ya upepo yatakuwa makubwa kuliko makosa ya bunduki, nakuhakikishia.

Kuhusu kitako nitakuwa mfupi: lala chini, fumba macho, weka shavu lako kwa starehe, kisha fumbua. Kama hauoni duara zima la darubini bila kunyanyua au kukandamiza shingo, kitako hakijakufaa. Vya kurekebishwa urefu na kimo cha shavu vina faida hapa. Kifyatulio kiwe kinaachia safi, bila kukwaruza, kwa uzito wa kilo moja hadi moja na nusu. Chepesi zaidi ya hapo kwa anayeanza ni kutafuta balaa.

Darubini ndipo ningekuwekea pesa nyingi kuliko ulivyopanga. Nimeona watu wakinunua bunduki ya kifahari halafu juu yake wakaweka darubini iliyobaki kwenye bajeti. Nilifanya hivyohivyo. Unazungusha kitufe cha kimo kliki 40 juu, unapiga, unarudisha kliki 40 chini, na risasi hairudi pale ilipokuwa. Darubini ya namna hiyo haikukosei kila siku, ndiyo shida yake. Inakukosea siku moja kati ya tatu mpaka unaanza kujishuku mwenyewe. Ijaribu kabla ya kuiamini: bandika karatasi ndefu mita 100, chora mstari wima kwa timazi, piga chini, panda miliradiani (kipimo kingine cha pembe) 5, piga, panda 10, piga. Kliki za moja ya kumi ya miliradiani zinasogeza sentimita 1 kwa mita 100, hivyo miliradiani 10 ni mita moja kamili. Pima kwa futi kamba. Matundu yakiacha mstari kwenda pembeni, darubini imefungwa kwa mshazari au vitufe vyake vina kasoro.

Na hakikisha ina nafasi ya kupanda. .308 iliyosawazishwa kwa mita 100 hushuka zaidi ya mita 10 ikifika mita 1,000, maana yake unahitaji zaidi ya miliradiani 10 za kwenda juu. Darubini yenye 20 kwa jumla, ukiifunga kwenye reli (chuma cha kushikia darubini juu ya bunduki) iliyo bapa, inakupa karibu 10 tu juu, nyingine 10 ziko chini ambako huna shughuli nako. Reli iliyoinamishwa dakika 20 inakurudishia karibu miliradiani 6 kutoka huko chini. Ni kipande kidogo cha chuma, ila kimeokoa safari nyingi. Chagua pia msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini na vitufe vya kipimo kimoja, miliradiani kwa miliradiani au dakika kwa dakika. Kuchanganya ni kujipa hesabu za shule huku upepo unageuka.

Skrubu nazo zina kisa. Nilipoteza Jumamosi nzima nikikimbiza risasi iliyokuwa inahama, mara sentimita tatu kushoto, mara sentimita mbili kulia. Nilibadilisha risasi, nikasafisha mtutu, nikagombana na mwenzangu aliyekuwa ananisomea upepo. Jioni nikiifunga bunduki kwenye mfuko, nikaishika darubini na ikacheza mkononi mwangu. Kidogo tu, kama jino la mtoto. Tangu hapo nafunga kwa bisibisi ya kupima nguvu, kwa kipimo alichoandika mtengenezaji, na nachora alama ya rangi kwenye kila skrubu ili ikilegea nione kwa macho.

Chagua risasi kabla hujaanza kulaumu. Nunua aina tatu au nne za vichwa vizito vya shabaha, piga kumi za kila aina, kisha inayopendwa na mtutu wako inunue boksi nyingi za toleo moja. Kwa masafa angalia mwendo kuliko uzuri wa kikundi cha mita 100. Risasi mbili za .308 zikipishana mita 10 kwa sekunde zinapotoka mdomoni, kwenye yadi 1,000 zitapishana karibu sentimita 30 kwenda chini, na hapo hujakosea chochote.

Ukiwa na nia ya mashindano, soma kanuni kwanza ndipo ununue, si kinyume chake. F-Class, ambayo F yake inatokana na Mkanada George Farquharson, ina madaraja mawili. F-TR inataka .223 Remington au .308 Winchester tu, yenye miguu miwili ya mbele, na uzito wote usizidi kilo 8.25. F-Open inaruhusu kaliba yoyote mpaka milimita 8 na uzito wa kilo 10. Nimemwona mtu amekuja na 6.5 Creedmoor nzuri ya miguu miwili akidhani anaingia F-TR. Akajikuta F-Open, katikati ya mabunduki yanayoteleza juu ya vifuko vya mchanga kama treni.

Jina Creedmoor lenyewe lina kisa ninachokipenda. Mwaka 1874, kwenye uwanja wa Creedmoor, New York, Wamarekani walishindana na Waairishi kwa yadi 800, 900 na 1,000. Wamarekani walikuwa na bunduki za kisasa za kupakiwa kwa nyuma, Waairishi walipakia kwa mdomo wa mtutu. Wamarekani walishinda 934 kwa 931, na katikati ya mchezo Mwairishi mmoja alikuwa amepiga kitovu cha shabaha isiyo yake, akapata sifuri. Mabishano ya bunduki ipi bora yaliendelea, lakini mimi nikikisoma kisa hiki namwona yule jamaa tu.

Kama mfuko haujatosha, usione haya kuanza na bunduki sahihi ya .22 LR, kaliba ndogo yenye teke dogo. Kwenye mita 200 inashuka kiasi cha kukulazimisha kupandisha vitufe karibu sawa na .308 kwenye mita 800, na upepo mdogo tu unaihamisha. Niliiuza ile magnamu, nikapiga .22 miezi sita, kisha nikanunua .308 iliyotumika.

Na hiyo iliyotumika niliichagua hivi. Nilimuuliza mwenye bunduki imepiga risasi ngapi. Akafungua daftari na kunionyesha, tarehe kwa tarehe, 1,900 na ushee. Angenijibu "si nyingi", ningetoa bei ya mtutu mpya kwenye bei aliyoitaka, au ningeondoka. Nikaangalia ndani kwa kamera ndogo, nikafungua na kufunga bolti mara ishirini, nikapitisha karatasi yangu chini ya mtutu. Kisha nikaomba kupiga kumi. Alinipa mkeka wake, akaketi nyuma yangu na kikombe chake cha chai, na kabla sijapiga ya kwanza akaniuliza kama ningependa anipakilie yeye. Nikacheka peke yangu, nikamwambia haya, mzee, pakia.