Kifundo cha mkono kinauma kila nikipiga gunia

Pole sana, ndugu. Unasema kifundo cha mkono kinauma wiki ya pili sasa kila ukipiga gunia la mazoezi ya ndondi, na unauliza kama ukaze bandeji uendelee tu. Hapana. Acha kupiga kwanza.

Nyoosha kidole gumba, ubonyeze kale kashimo kanakojitokeza chini yake. Pakiuma, nenda hospitali hata kama hapajavimba. Pale pana kimfupa ambacho kikipata ufa, eksirei ya siku za mwanzo inaweza isiuoneshe. Ndiyo maana daktari huweza kukufunga mkono na kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14. Kikipuuzwa kinaweza kisiunge kabisa. Ganzi ya vidole nayo si ya kusubiri.

Ikiwa ni mteguko tu, pumzisha mkono na uweke barafu ndani ya kitambaa, dakika 15 hivi. Kimbia ukitaka, ila kuruka kamba acha, nako huchosha kifundo.

Ukirudi, anza kupiga hewani. Ngumi itue kwenye konzi za kidole cha shahada na cha kati, kifundo kikiwa kimenyooka. Wengi hukikunja kwenye ngumi ya kuzungusha, nami nashuku ndiko ulikoumia.