Ukuta wa mbao huanza kushindwa miguuni

Nyumba yangu ya kwanza ya paneli za mbao niliichora kwa akili ya mawe. Hapa Mombasa ndivyo tulivyokulia: Mji wa Kale ni matumbawe na boriti za mikoko, kwingineko zege na mabloku. Kusi likivuma, ukuta wa namna hiyo unakalishwa na uzito wake wenyewe. Basi nikamaliza wiki nzima kuwaza unene wa paneli, na vyuma vya chini, vinavyoushika ukuta kwenye msingi, nikavichora jioni ya mwisho.

Nilipindua mambo. Mbao zikigundishwa tabaka juu ya tabaka, kila moja ikikingama na ya chini yake, paneli inakuwa ngumu mno kwa upande wake mrefu. Ukiisukuma haipindi, inainua kisigino, yaani kona yake ya chini upande unaosukumwa, au inateleza. Tena ni nyepesi, karibu moja ya tano ya zege la ujazo uleule, kwa hiyo usitegemee uzito.

Chukua ukuta wa kimo cha mita 3 na upana wa mita 1.5, unaosukumwa kwa ubavu huko juu kwa kilonewtoni 20 (kama uzito wa tani mbili), uzito wake na wa sakafu inayoukalia ukiwa 10. Msukumo mara kimo unapindua kwa 60, uzito mara nusu ya upana unarudisha 7.5. Gawanya baki kwa mita 1.3, umbali hadi chuma cha kisigino: kinavutwa kwa 40 hivi. Upana ukiwa mita 3, na uzito 20, mvuto unashuka hadi kama 11. Kila uwazi unaukata ukuta uwe mwembamba, ndiyo maana siku hizi naanza na milango. Mwenye nyumba akitaka dirisha katikati ya ukuta wangu mpana, tunabishana kabla sijawasha kompyuta.

Halafu misumari inayoshika vyuma hivyo kwenye mbao. Nilikuta fundi, mzee wa kazi anayeheshimika, ameweka skurubu nene mahali pa misumari niliyoandika. "Injinia, hii haiendi popote." Ndiyo tatizo, mzee wangu. Misumari ile imekusudiwa kupinda kidogo na kumeza nguvu, huku mbao na nanga za kwenye zege zikibaki salama. Ukiikaza kupita kiasi, nanga itang'oka au mbao itapasuka ghafla. Jengo la mbao la ghorofa saba lililobuniwa na Waitalia lilitikiswa Miki, Japani, mwaka 2007, kwenye meza ya majaribio, kwa mitikisiko ya tetemeko la Kobe la 1995, likabaki wima. Nilimwambia hivyo. Alizing'oa, lakini kwa manung'uniko.

Mchwa na maji ya masika: inua ukuta juu ya sakafu ya nje, usiuketishe kwenye zege tupu bila kizuizi cha unyevu. Hilo halina mjadala.

Chumvi ndiyo iliyonitia adabu. Nilipofungua kifuniko cha kona inayotazama bahari, chuma cha pembe kilikuwa na madoa mekundu kuzunguka kila msumari. Kilikuwa chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Tangu siku hiyo, upande wa bahari naandika chuma kisichoshika kutu, chuma na misumari yake pamoja, na kila kifuniko kinafungwa kwa skurubu za kufunguka.