Kama una mzee wa Pate au Kiunga nyumbani, mrekodi sasa na usambaze nakala

Sisi wenye asili ya visiwa vya Lamu tuliokulia huku Moshi tukikutana kwenye harusi pale Majengo tunaongelea Faza na Siyu na Kizingitini utadhani tumeshuka boti jana, wakati wengine wetu hata Mombasa hatujavuka, na stori zenyewe zipo kichwani kwa wazee wawili watatu tu. Nimekuwa nikikusanya habari za upande wa mama kwa muda sasa, kwa hiyo haya nawaandikia wanaotaka kuanza. Usihangaike na kitabu kizuri. Hangaika na nakala.

Chukulia Pate, kisiwa chenye miji ya Faza, Siyu na Kizingitini. Habari za masultani wake, wale Wanabahani, zilikuwa zimeandikwa kabisa, alafu 1890 Waingereza wakaipiga Witu, mji wa bara walikohamia masultani hao, na kitabu kikapotelea humohumo. Tunachosoma leo kimetokana sana na mzee mmoja wa ukoo huo, Bwana Kitini, aliyekuwa na habari hizo kichwani, watu mbalimbali wakaandika alichosimulia. Na maandishi hayo hayafanani, yani mzee ni yuleyule lakini majina na miaka inapishana, na wataalamu waliochimba magofu ya kule wana mashaka makubwa na ule mwaka 1203 unaotajwa kuwa ndio Wanabahani walifika. Mimi nimechukua hivi, mjomba akisema hivi na mama mkubwa akisema vile, naandika yote mawili na nani kasema, sichanganyi niwe na stori moja tamu. Hao watakaokuja baadae watachambua wenyewe.

Alafu usimwambie mzee "nisimulie historia yetu", utapewa masultani. Mama mkubwa nilivyomuuliza hivyo alinipa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na jinsi Siyu ilivyomtoa jasho Sayyid Said wa Zanzibar, mambo mazuri lakini hayo yameshaandikwa. Nilipouliza shamba la babu lilikuwa wapi, nani alichimba kisima, jahazi lilikuwa la nani na lilibeba boriti kupeleka wapi, hapo ndio akafunguka mpaka chai ikapoa. Akaingia kwenye vita vya shifta miaka ya 1960, vya Wasomali wa kaskazini mwa Kenya waliotaka kujiunga na Somalia, jinsi Wabajuni wa bara, watu wetu wa kule karibu na mpaka wa Somalia, walivyoacha mashamba na visima wakakimbilia visiwani na Lamu na Mombasa, na wengine kama sisi tukasukumwa mbele zaidi mpaka tukaangukia chini ya mlima. Hii sehemu ndio ina maandishi machache, na walioiona wakiwa watu wazima wanaondoka kila mwaka. Anzeni na hii jamani, masultani watasubiri.

Na wamama msiwaache jikoni. Nani alimzaa nani, nyimbo za harusi, nyumba ipi iliuzwa na kwa nini, vyote wanavyo wao.

Kurekodi simu inatosha. Zima laini isije ikaita katikati, na usirekodi masika chini ya bati maana mvua ya Moshi unaijua. Mwanzo wa kila sauti taja jina la mzee kama ameridhia, mji wake, tarehe na mlipo. Andika kwenye karatasi mapema kabla hujasahau maneno ya Kibajuni yalimaanisha nini.

Mkiwa na karatasi za zamani za khati ya Kiarabu msizipige selotepu wala laminesheni, zipelekeni dirishani mzipige picha bila fleshi, ukurasa kwa ukurasa hata usioujua kusoma. Mwaka 2009 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Faza, makuti yanashika haraka mno, na kilichokuwa sandukuni kiliondoka na nyumba. Hati za msikiti wa Riyadha pale Lamu zimeshapigwa picha za kidijitali, za majumbani ndio kazi yetu sisi. Weka nakala kwako, kwa ndugu wa Mombasa, na mtandaoni sehemu yenye paswedi.

Paswedi kwa sababu sio kila kitu cha kurusha. Kuna habari za nani alikuwa mtumwa wa nani, na hizo bado zinavunja ndoa mpaka leo. Mimi naziandika, sizifichi, ila sizirushi kwenye grupu la ukoo lenye watu mia na kitu wasioulizana salamu.

Kabla ya kupost popote mrudishie mwenye habari kwanza. Kama hana simu kubwa mpe mjukuu wake kwenye memori kadi wamsikilizishe, atakurekebisha jina la kisiwa, atafuta anachotaka kifutwe, na mara nyingi atakumbuka kingine, kwa hiyo nenda na simu imejaa chaji.