Jibu: Umeme ukikatika ukiwa ndani ya lifti

Ndugu, umeuliza kama lifti inaweza kuanguka umeme ukikatika, na waliomo watatokaje. Haianguki. Breki ya mota hubanwa na springi. Kazi ya umeme ni kuiachia. Umeme ukienda, breki inajibana yenyewe. Hata kamba zote zikikatika, chumba cha lifti kikizidisha mwendo kuna makucha ya chuma yanayofyatuka na kung'ata reli zinazokiongoza. Mvumbuzi Mmarekani Elisha Otis alionyesha kinga ya aina hiyo New York mwaka 1854: alisimama juu ya jukwaa lililoinuliwa, kamba ikakatwa, jukwaa likabaki palepale.

Kuhusu kutoka, lifti nyingi za sasa zina betri ya uokoaji. Hungoja sekunde chache, hukisogeza chumba taratibu hadi ghorofa ya karibu, kisha hufungua mlango. Usishtuke kikipanda badala ya kushuka. Uzito unaoning'inia upande wa pili wa kamba hulingana na chumba pamoja na karibu nusu ya mzigo wa juu kinaoruhusiwa kubeba, hivyo mkiwa wachache njia nyepesi ni ya juu.

Betri ikiwa imekufa (na wenye majengo husahau kuikagua, jambo linaloniudhi sana), bonyeza kengele mpaka ujibiwe. Hewa haiishi, chumba kina matundu. Ila nakusihi, usilazimishe mlango. Kikisimama kati ya ghorofa mbili, chini ya sakafu yake hubaki mwanya wa kuingia kwenye shimo, na anayeruka kutoka anaweza kuteleza humo. Subiri fundi, yeye huzima kwanza umeme mkuu, ndipo aiachie breki kwa mkono, kidogo kidogo.