Maswali ya Wasomaji: Python yetu ya zamani imekataliwa na kila maktaba

SWALI: Kompyuta za maabara yetu zina lugha ya programu ya Python, toleo la 3.9. Maktaba za NumPy, SciPy na Matplotlib (vifurushi vya msimbo uliokwisha andikwa, vya hesabu na michoro) mpya zote zinaikataa. Watengenezaji wake wamepatana? Nami ninayetunza maktaba ndogo ya kuchambua data za mvua, nifuate utaratibu gani?

JIBU: Wamepatana, tena kwa maandishi. Miradi ya Python ya kisayansi ina miongozo ya pamoja iitwayo SPEC. SPEC 0 inashauri toleo la Python liachwe miaka 3 baada ya kutoka, na toleo la maktaba kuu, kama NumPy, liachwe baada ya miaka 2. Python 3.9 ilitoka Oktoba 2020, kwa hiyo zamu yake ilikwisha Oktoba 2023. NumPy 2.1, SciPy 1.14 na Matplotlib 3.10, zote za 2024, zinaanzia 3.10. Hakuna anayelazimishwa: kila mradi huridhia wenyewe, na wapo wanaokawia.

Kwenye maktaba yako, andika kwa mfano requires-python = ">=3.11" ndani ya pyproject.toml, faili la maelezo ya maktaba yako. Mwenye Python ya zamani akisakinisha, pip, programu ya kusakinisha maktaba za Python, itasoma mstari huo na kumpa toleo lako la nyuma linalomfaa. Ukiuacha, atapewa jipya kabisa, lisakinike vizuri, kisha limharibikie anapoliita.

Usiandike numpy<2 kwa tahadhari tu. Maktaba nyingine ikidai numpy>=2, pip haitaweza kuziweka mbili hizo pamoja, na lawama utazipata wewe. Weka kikomo cha juu pale tu unapojua kinachovunjika. Kama maktaba yako ina sehemu iliyoandikwa kwa lugha ya C, hapo pana jambo: iliyojengwa kwa NumPy 1.x haiendi na 2.0 ya Juni 2024, lakini ukiijenga upya kwa 2.0 itakwenda na zote mbili.

Kisha ijaribu katika mazingira mawili, la matoleo mapya kabisa na la matoleo ya chini unayoyaahidi. Hili la pili ndilo huwaponyoka wengi. Ukiandika numpy>=1.26, pip huchukua NumPy mpya kuliko zote zinazokubalika, hivyo unajaribu kitu kilekile mara mbili. Katika hili la matoleo ya chini andika numpy==1.26.0, na kila maktaba nyingine unayoitegemea vivyo hivyo. Katika lile jipya endesha majaribio yako kwa programu ya pytest, hivi: pytest -W error::DeprecationWarning, ili onyo la kitu kitakachoondolewa likwamishe jaribio leo, kabla halijawakwamisha watumiaji wako.