Polisi wa shule wakipewa gari la deraya, uliza mapema

Nilikuwa mkalimani wa kujitolea kwenye vikao vya bodi ya shule katika mji wetu hapa Marekani. Jioni moja ukasomwa mstari mmoja tu: polisi wa shule wapokee vifaa vya ziada vya jeshi, bila gharama. Nilipowatafsiria wazazi waliotoka Kivu, mama mmoja alinishika mkono. "Dada, ni kama zile gari za vita za kule kwetu?" Sikuwa na jibu, na kura ilikuwa inakaribia kupigwa.

Tangu siku ile nimejifunza. Mpango huu huitwa 1033, na unatokana na sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1996. Wizara ya Ulinzi huwapa polisi wa miji na majimbo vitu isivyovihitaji tena. Vingi ni vya kawaida kabisa: mablanketi, jenereta, vifaa vya huduma ya kwanza. Lakini humo humo mna bunduki na magari ya deraya.

Ndiyo maana nawasihi wazazi wenzangu: ombeni orodha kamili, kitu kimoja kimoja, kabla ya kura. Kisha ulizeni nani atalipia usafiri na matengenezo, maana hayo ni juu ya anayepokea. Silaha na magari ya deraya hubaki mali ya Wizara, na lazima vihesabiwe kila mwaka. Nani atahesabu? Nani atafundishwa kuvitumia, na vitatumika dhidi ya nani?

Msikubali kuambiwa kwamba jambo limeshapita. Mwaka 2014 wilaya ya shule ya San Diego ilipokea gari la deraya la tani 14 hivi, ikisema litakuwa la kuokoa watoto. Watu walilalamika, likarudishwa. Polisi wa shule za Los Angeles nao walirudisha vifaa vitatu vya kurushia maguruneti, na baadaye bunduki 61 aina ya M16.

Kwetu kura iliahirishwa kwa sababu yule mama alisimama akaeleza mwanawe hufanya nini akisikia injini nzito. Alikuwa na dakika mbili tu. Jiandikishe kuzungumza kabla kikao hakijaanza, na umwombe mkalimani siku kadhaa mapema, kwa maandishi.