Fafanuzi mbili za Biblia zinapingana: nihubiri ipi?

SWALI: Nahubiri na kuongoza kikundi cha vijana huku Kadutu, Bukavu. Jumapili nina Yeremia 29:11, pale Mungu anaposema anawawazia watu wake mawazo ya amani, kuwapa tumaini. Kwenye simu nina fafanuzi mbili za bure: moja inasema ahadi ile ilikuwa ya Wayahudi waliohamishwa Babeli, nyingine inasema ni ya kila mwamini. Nihubiri ipi?

JIBU: Ndugu yangu, usihubiri hata moja. Hubiri Yeremia. Wahubiri wengi wanaoniletea swali hili wamesoma kurasa nyingi za mfafanuzi na mstari mmoja tu wa nabii.

Soma kwa sauti sura ya 27 hadi 29. Katika sura ya 28 nabii wa uongo Hanania anaahidi kwamba ndani ya miaka miwili mambo yatarudi kama zamani, na anaivunja nira iliyo shingoni mwa Yeremia, ishara ya utawala wa Babeli. Kisha inakuja barua ya Yeremia kwa wahamishwa: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, uombeeni mji mliopelekwa. Mstari wa 10 unataja miaka 70. Basi wengi waliosomewa mstari wa 11 walikuwa watazikwa Babeli. Kijana aliyekimbia vita kijijini kwao, leo anapanga chumba Kadutu, msomee mstari wa 10 kabla ya ule wa 11. Hapo fungua fafanuzi zako. Moja inakueleza nani aliahidiwa, nyingine inatafuta sisi tunashika nini. Unazihitaji zote mbili, kwa mpangilio huo.

Angalia pia umri wa fafanuzi hizo. Nyingi ni za bure kwa sababu ni za kale. Matthew Henry, mfafanuzi anayesomwa sana, alifariki 1714 akiwa amefika Matendo ya Mitume. Kuanzia Warumi walimalizia wachungaji wengine. Magombo ya Qumran, yenye nakala za kale sana za maandiko, yalianza kupatikana 1947, yeye hakuyaona.

Wanaonikera zaidi ni wauza mahubiri wa WhatsApp: pointi tatu, maombi ya mwisho, tuma pesa. Mara nyingi ni ukurasa wa ufafanuzi uliokatwa, jina la mwandishi limefutwa. Anayekuuzia hajui nani amefiwa kanisani kwako wiki hii. Usinunue, na anayenunua mwambie wazi kwamba anawalisha watu chakula asichokionja.

Kwenye kikundi ni vilevile. Kiongozi akianza kwa kusoma ufafanuzi, vijana wananyamaza, maana jibu limeshatolewa. Acha wasome, wabishane, waandike maswali. Simu ifunguliwe kwa lile tu lililowashinda.